Kuchagua Mbao za Kiini cha Skii ya Kujitengenezea

Skii kuukuu iliyokwisha kazi ina mengi ya kumwonyesha fundi anayetaka kuunda ya kwake. Ikate kwa msumeno pale kiatu kilipokuwa kikikaa, piga msasa uso wa mkato, kisha uutazame penye mwanga mzuri. Chini kabisa kuna plastiki ngumu ya polithini, nene kidogo kuliko milimita moja, iliyopakana na kingo mbili za chuma. Juu yake kuna utando wa faibaglasi, na karibu na uso wa juu kuna utando mwingine wa aina hiyohiyo. Katikati ya tando hizo pamechukuliwa na mbao: pao nyembamba zilizosimama ubavu kwa ubavu na kugundishwa, pengine za rangi mbili tofauti. Hicho ndicho kiini.

Makala haya ni kwa wasomaji wanaoishi kwenye nchi za theluji, iwe Norwei, Uswisi, Kanada au kaskazini mwa Marekani, wenye karakana ndogo nyumbani au wanaojua useremala tangu kwao. Skii inaweza kuundwa nyumbani, na wako wengi wanaoziunda. Kingo za chuma, plastiki ya chini, faibaglasi na gundi ya epoksi hununuliwa zikiwa tayari, na mafundi wote hununua takriban vitu vilevile. Mbao ndizo zinazochaguliwa kwa jicho na mkono, na hapo ndipo skii mbili zilizotoka kwenye kalibu moja zinapotofautiana. Mafundi hubishana sana kuhusu jina la mti. Mimi nashikilia kwamba ubao safi wa mti wa kawaida utakupa skii bora kuliko ubao mbovu wa mti wenye sifa, kwa hiyo nitapita haraka kwenye majina na kukaa zaidi kwenye ubao wenyewe.

Mbao zinafanya nini mle ndani

Skii za kale zilikuwa ubao mmoja mtupu. Ile iliyopatikana Kalvträsk, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 1924, ina umri wa zaidi ya miaka 5,000 na ilichongwa kutoka kwenye msonobari. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa Norwei walianza kutumia hikori iliyoletwa kutoka Amerika, mti mzito na mgumu kuvunjika, kwa sababu mzigo wote wa mtu na mlima ulibebwa na mbao peke yake. Miaka ya 1930 zikaja skii za pao zilizogundishwa. Kisha mwaka 1950 Howard Head, mhandisi wa ndege wa Baltimore, akatoa skii yenye mabati ya alumini juu na chini, na plaiwudi katikati. Nguvu kubwa ya kupinda ikahamia kwenye tando za nje, na baadaye faibaglasi ikachukua nafasi ya alumini kwenye skii nyingi. Ndiyo maana ushauri wa vitabu vya zamani kuhusu hikori unaweza kukupoteza leo: mti ule ulichaguliwa kwa kazi ambayo kiini cha sasa hakifanyi.

Kiini cha sasa kina kazi tatu. Skii inapokandamizwa katikati, utando wa chini unavutwa na wa juu unabanwa. Mbao zinazishika tando hizo zisisogeleane wala zisiteleze kila moja kwa njia yake. Kazi ya pili ni kushika skrubu za kishikizo cha kiatu. Ya tatu ni kupoza mtetemo, ili skii isipige kelele na kurukaruka kwenye barafu ngumu. Hapo ndipo mbao zimeendelea kuvishinda viini vya povu la plastiki.

Ukakamavu wa skii hutokana zaidi na unene wa kiini kuliko aina ya mti. Upao ukiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake unaongezeka mara nane. Kwa hiyo hitilafu ya nusu milimita kwenye upao wa milimita 10 inabadilisha ukakamavu wake kwa asilimia 15 hivi. Kiini cha kawaida huanza na milimita 2 mbele, kinapanda hadi milimita 10 au 12 chini ya kiatu, kisha kinashuka tena hadi 2 mkiani. Ukitaka skii ngumu zaidi, ongeza unene kidogo kabla hujafikiria kubadilisha mti.

Uzito, kwa upande wake, unategemea mti moja kwa moja. Chukua skii ya sentimita 180, yenye upana wa wastani wa sentimita 10 na kiini chenye unene wa wastani wa milimita 7. Hiyo ni mbao ya sentimita za ujazo 1,260. Ukitumia eshi yenye kilo 680 kwa mita ya ujazo, kiini peke yake kitakuwa na gramu 857. Popla ya kilo 450 itakupa gramu 567, na paulonia ya kilo 290 itakupa gramu 365. Anayepanda mlima kwa miguu yake kabla ya kushuka ataihisi tofauti hiyo ya karibu nusu kilo kwa kila mguu. Anayepandishwa na lifti ya kamba hana sababu kubwa ya kuikimbia.

Miti ya kuulizia

Kwenye maduka ya mbao ya Ulaya majina hubadilika kila unapovuka mpaka, hivyo nitataja pia jina la Kilatini, ambalo muuzaji yeyote mzuri atalielewa.

Popla na aspeni, zote za jenasi Populus, ndizo chaguo la kwanza kwa anayeanza. Ni nyepesi kiasi, zinarandika kwa urahisi, zinapokea gundi vizuri na bei yake ni nafuu. Marekani kuna jambo la kuangalia: ubao unaouzwa kwa jina la popla kwa kawaida ni Liriodendron, mti wa ukoo mwingine kabisa, wenye moyo wa rangi ya kijani kibichi. Usiukatae. Ni mkakamavu kuliko aspeni, mara nyingi una nyuzi zilizonyooka, na hupatikana katika mbao ndefu.

Eshi, yaani Fraxinus, ni ngumu, ina mruko mzuri na inashika skrubu barabara. Ndio mti unaotumika kwa mipini ya mashoka na nyundo. Kwa skii nzima ni mzito, lakini pao chache za eshi mahali panapohitaji nguvu hubadilisha kabisa tabia ya skii. Mti huu uko mashakani pande zote mbili za Atlantiki. Marekani unaliwa na mdudu wa rangi ya zumaridi kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002. Ulaya unakaushwa na ugonjwa wa kuvu ulioonekana kwanza Poland mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo miti mingi inakatwa kabla haijaoza, na mbao njema zinaweza kupatikana kwa watu wanaoangusha miti ya mijini. Kama unaifuata eshi mbichi kwa gari lako, uliza kwanza sheria za eneo hilo, maana maeneo mengi yamezuia kusafirisha magogo yenye magome ili mdudu asienezwe.

Paulonia inatoka China, ingawa sasa inalimwa pia Ulaya ya kusini. Wepesi wake unavutia sana, na wanaounda skii za kupanda milima wanaipenda. Lakini ni laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama, na skrubu huchomoka ndani yake. Paulonia isiyo na mbao ngumu chini ya kiatu ni hatari, na hapo sina msamaha.

Mepli (Acer) inaweza kuchukua nafasi ya eshi. Ni nzito kidogo zaidi na nyuzi zake zimebanana, hivyo mkato wake ni safi. Sprusi (Picea) ni kakamavu sana kwa uzito wake, lakini ubao mrefu usio na vifundo ni adimu na ghali. Balsa iache kwa mafundi wa ndege ndogo.

Mianzi inastahili neno moja zaidi kwa sababu wengi wanadhani ni myepesi. Ile iliyobanwa na kugundishwa kuwa mbao za sakafu mara nyingi inafikia uzito wa eshi. Ina mruko na inashika skrubu vizuri, ila inamaliza makali ya msumeno haraka, na mbao za sakafu huja zimepakwa vanishi ambayo lazima iondolewe yote kabla ya gundi. Plaiwudi nayo haifai kwa skii ya faibaglasi: tabaka nyingi ndani yake zimelala kukingama, na hizo hazisaidii kitu kwenye urefu wa skii.

Seremala aliyezoea mninga na mvule atauliza kama hizo haziwezi kufaa. Uzito wake unakaribia wa eshi, lakini mruko wake ni mdogo kuliko wa eshi, kwa hiyo ungebeba mzigo bila faida. Vinia nyembamba ya mninga juu ya skii, kwa urembo, ni jambo jingine, na inapendeza kweli.

Ukisimama mbele ya rundo la mbao

Nenda dukani na futi, mizani ndogo ya kuning'iniza, na muda wa kutosha. Omba ruhusa ya kupangua rundo, na ulirudishe kama ulivyolikuta.

Anza kwa kuutazama ubao kwa urefu, jicho moja likiwa kwenye ncha, kama unavyokagua bomba. Ubao uliojisokota uache hapohapo. Uliopinda kidogo upande mmoja unaweza kuokolewa, kwa kuwa utaupasua kuwa pao. Kisha tazama vifundo. Fundo kubwa kuliko kichwa cha kiberiti lisiwepo kwenye upao wowote, hasa kwenye theluthi ya mbele ambako kiini ni chembamba. Fundo lililo pembezoni mwa ubao linaweza kukwepwa wakati wa kupasua, kwa hiyo usiukatae ubao mzima kwa sababu yake.

Sasa fuata nyuzi, na hapa usiwe na haraka. Nyuzi zinapaswa kwenda sambamba na ukingo wa ubao kwa urefu wote. Zikitoka nje ya ukingo, kila mahali zinapotoka ni mahali pa kupasukia. Nyuzi zinazopotoka sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu hupunguza nguvu ya ubao ya kuhimili kupinda kwa karibu moja ya tano. Zikipotoka sentimita 1 kwa kila 5, nguvu inabaki nusu na kitu tu. Tatizo ni kwamba mistari mikubwa unayoiona kwenye uso wa ubao ni pete za ukuaji, nayo inaweza kukudanganya. Nyuzi zenyewe ni ndogo zaidi. Kwenye eshi tafuta vijistari vifupi vyeusi kama mikwaruzo ya sindano. Hayo ni matundu ya maji ya mti, nayo yanafuata nyuzi bila kosa. Kwenye popla, ambayo uso wake ni laini na hauna alama, dondosha tone la wino wa kalamu kwenye kipande cha mwisho: wino utakimbia kufuata nyuzi na kukuonyesha mwelekeo. Ukiruhusiwa kuchukua kipande kidogo cha ncha, kipasue kwa patasi. Ubao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Tazama pia upana wa pete kwenye ncha, na hapa miti inatofautiana kwa namna ambayo wengi huichanganya. Kwenye eshi, pete pana ni dalili njema: matundu mengi hutengenezwa mwanzoni mwa msimu, na mti uliokua haraka una sehemu kubwa ya mbao nzito kati ya mstari mmoja wa matundu na mwingine. Pete za milimita 2 hadi 4 ni nzuri. Eshi yenye pete zilizobanana kama kurasa za kitabu ni dhaifu. Kwenye sprusi na misonobari ni kinyume chake, pete nyembamba ndizo zenye nguvu.

Popla ina kasoro yake ya pekee. Mti ulioegemea upande mmoja hujenga mbao za mvutano, na ubao wa namna hiyo ukipasuliwa hutoa uso wenye manyoya, kama kitambaa kilichochakaa, hata msumeno ukiwa mkali. Pitisha kiganja juu yake. Ukihisi manyoya sehemu moja ya ubao, ujue sehemu hiyo itapinda kila unapoipasua, na baada ya gundi itaendelea kusumbua. Ukiona manyoya ubao mzima, chukua mwingine.

Halafu pima. Ubao wa popla wa sentimita 200 kwa 15 kwa 2.5 una sentimita za ujazo 7,500. Ukiwa na kilo 3.4, uzito wake ni kilo 453 kwa mita ya ujazo, ambao ni wa kawaida. Ukikuta ubao wa vipimo hivyohivyo wenye kilo 4.2, ama ni mbichi bado, ama si popla.

Nyumbani unaweza kupima ukakamavu kwa kifaa rahisi. Tengeneza upao wa unene wa milimita 10 na upana wa milimita 20, uulaze juu ya vihimili viwili vilivyoachana milimita 500, kisha ning'iniza kilo 3 katikati na upime umeshuka kiasi gani. Eshi nzuri inashuka karibu milimita 4. Popla ya Marekani iko milimita 4 hadi 5, aspeni karibu 6, na paulonia inafika 10. Upao wa eshi unaoshuka milimita 6 una kasoro hata kama macho hayaioni, na ningeutumia kwa kazi nyingine.

Ukavu

Hakuna kinachoharibu skii za nyumbani kama unyevu ndani ya kiini, na hasara yake huonekana baada ya miezi, wakati kila kitu kimeshabanwa. Mbao zikiendelea kukauka ndani ya skii, zinasinyaa kwa upana, uso wa chini unaingia ndani kama sahani, na kingo za chuma zinabaki juu. Mbao hazisinyai kwa urefu kwa kiasi cha kuonekana, ila kwa upana zinasinyaa, na kufuata mzunguko wa pete zinasinyaa karibu mara mbili kuliko kukatiza pete.

Lenga unyevu wa asilimia 6 hadi 10. Nunua mbao zilizokaushwa tanurini, kisha zikae kwenye karakana yako wiki mbili au zaidi, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Mita ya kuchoma sindano hutoa jibu la haraka. Ukitaka jibu la uhakika, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na ncha, kipime, kisha kikaushe kwenye jiko la oveni la nyuzi joto 103 mpaka uzito usibadilike tena. Kipande cha gramu 52 kilichoishia gramu 48 kimepoteza gramu 4. Gawanya kwa 48, utapata asilimia 8.3. Ubao huo uko tayari.

Kuzipanga pao

Ubao wa unene wa sentimita 2.5 unapasuliwa kuwa pao za milimita 15, kisha kila upao unageuzwa na kulazwa kwa ubavu. Nyuso za zamani za ubao zinakutana na gundi, na pete zilizokuwa zimelala sasa zinasimama. Kwa hiyo huna haja ya kununua mbao ghali zilizopasuliwa kwa kufuata moyo wa mti. Geuza kila upao wa pili kichwa chini, ili tabia ya mmoja ya kupinda izuiwe na jirani yake. Acha angalau sentimita 10 za ziada kwenye urefu.

Jozi lazima ilingane. Zipe pao namba zikiwa bado zinatoka kwenye msumeno, halafu ya kwanza iende skii ya kushoto, ya pili ya kulia, ya tatu kushoto, na kuendelea, ili majirani ndani ya ubao wawe wenzi ndani ya jozi.

Kuhusu mahali pa kuweka eshi, hapa wengi hukosea hesabu. Wanaweka upao wa eshi pembezoni kabisa mwa kiini ili uzipe nguvu kingo. Lakini skii ni pana mbele na nyembamba kiunoni. Ikiwa mbele ina milimita 130 na kiunoni 95, kila upande unapoteza milimita 17.5 pale kiunoni, na upao wa eshi wenye upana wa milimita 15 uliouweka pembezoni utakatwa wote. Utabaki mbele na nyuma, mahali usipohitajika sana, na hautakuwepo chini ya kiatu. Panga kuanzia mstari wa katikati kwenda nje: ukingo wa kiunoni uko milimita 47.5 kutoka katikati, basi eshi iwe pale. Kisha tazama karatasi ya vipimo vya kishikizo chako uone skrubu zinaangukia wapi, na uhakikishe zote zinaingia kwenye eshi au mepli. Kwa skii ya kwanza, eshi kwenye sehemu hizo mbili na popla kwingineko kote ni mpango ninaouamini kuliko wowote.

Gundi isiyoyeyuka kwa maji inatosha kuunganisha pao, lakini shika pao kwa klampu nyingi zilizokaribiana na zikauke siku nzima kabla ya kuranda. Vumbi la mbao limeorodheshwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi hata kwa kazi ya dakika chache. Epoksi nayo ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio usiopona. Vaa glavu za nitrili tangu siku ya kwanza.

Kiini kikisharandwa, kipime unene kwa kalipa kila sentimita 10, skii zote mbili, uandike. Tofauti inayozidi theluthi moja ya milimita kati ya wenzi irekebishwe kwa msasa. Futa vumbi, usikishike tena kwa mikono mitupu yenye jasho au mafuta, na kibanwe ndani ya siku mbili tatu kabla hakijavuta unyevu mpya.

Skii ikishatoka kwenye presi, skrubu za kishikizo cha mtu mzima huhitaji tundu la kina cha milimita 9, kwa keekee ya milimita 3.5 au 3.6 kwenye skii isiyo na bati la chuma ndani, na 4.1 kwenye skii yenye bati. Dondosha gundi isiyopitisha maji kwenye kila tundu kabla ya skrubu, maana maji ya theluji yakiingia humo yanaozesha kiini kuanzia ndani. Kisha peleka skii kwenye duka lenye mashine ya kupimia vishikizo, wakupangie nguvu ya kufunguka kulingana na uzito, urefu, umri na uzoefu wako.